Jeneza, Leso na Waya wa Tairi: Vitu vya Kila Siku Vinapogeuka Sanaa ya Siasa Nairobi

Mwaka 2022, wageni waliofika katika bustani ya Karlsaue mjini Kassel, Ujerumani, kutazama documenta, maonyesho makubwa ya sanaa, walikuta kibanda kilichojengwa kwa marobota ya mitumba. Yalikuwa marobota ambayo mchuuzi yeyote wa soko la Gikomba, Nairobi, angeyatambua akiwa mbali: nguo zilizoshindiliwa zikafungwa kwa kamba, mkono wa shati umechomoza hapa, mguu wa suruali pale. Kazi hiyo iliitwa "Return to Sender", na walioibuni ni The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi. Nguo kuukuu zilipangwa zikawa ukuta katika bara zilikotoka, na jina la kazi likamaliza maelezo: mwenye mzigo arudishiwe mzigo wake.

Ukimwonyesha mtu picha za kazi hiyo hapa mjini, utaulizwa maswali mawili. La kwanza ni kama hiyo nayo ni sanaa. La pili, ambalo kwangu ndilo zito, ni siasa imo wapi. Nguo ni nguo; haina jina la chama wala la mbunge. Nataka kulijibu hilo la pili polepole, kwa sababu Nairobi imejaa kazi za aina hii na mazungumzo kuzihusu huchanganya mambo yanayofaa kutenganishwa.

Kinachochanganywa zaidi ni taka. Tumezoeshwa kuamini kwamba msanii akiokota chuma chakavu, vizibo vya soda au ndala zilizokatika, akaunda kitu, tayari amesema jambo kuhusu mazingira, umaskini au dhuluma. Si lazima iwe hivyo. Ndovu aliyechongwa kwa ndala zilizookotwa ufuoni ni kazi safi ya mikono. Ufuo umesafishwa, fundi amelipwa, na mtoto atakayepewa ndovu huyo atafurahi. Lakini akishawekwa katika dirisha la duka la zawadi, hamuulizi mtu chochote, na ndala zake hazisimulii tena zilivaliwa na nani wala zilifikaje baharini. Jahazi la Flipflopi lilitoka katika uchafu uo huo, likaenda njia nyingine. Lilijengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa takriban tani 10 za plastiki, likavalishwa ndala zipatazo 30,000, na Januari 2019 likatweka tanga kuelekea Zanzibar, likitia nanga njiani kuzungumza na watu juu ya plastiki inayotumika mara moja na kutupwa. Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Jahazi lilipeleka hoja hiyo majirani, na lilikuwa na watu wa kuiambia.

Jambo jingine linalochanganywa ni urembo wa bei nafuu, ule ambao wajuzi wa sanaa huutazama kwa jicho la pembeni. Ingia sebule nyingi za Umoja, Kayole au Kawangware. Makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, televisheni nayo imevishwa chake. Kuna maua ya plastiki ndani ya chombo kinachong'aa, chupa ya chai yenye waridi kubwa, saa ya ukutani iliyopakwa rangi ya dhahabu, kalenda ya bucha, na ubao mdogo unaotangaza kwamba Kristo ndiye kichwa cha nyumba hii. Kwa muda mrefu vitu hivi vimeitwa dalili ya kukosa ladha. Mimi naona dharau hiyo yenyewe ni ya kisiasa. Vingi vimenunuliwa kwa pesa za chama cha akina mama, kimoja kimoja, baada ya karo na kodi ya nyumba. Anayesema ni vibaya anasema pia kwamba mwenye nyumba hana haki ya kuamua kizuri ni kipi. Ndiyo maana msanii anayevichukua kwa heshima na kuviingiza ukumbini anakuwa ameshachokoza jambo, hata kabla hajasema neno.

Sanaa ya namna hii haikuanzia hapa. Mwaka 1917 Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka chombo cha kukojolea katika maonyesho ya New York na kukiita sanaa, na tangu hapo mlango haukufungwa tena. Lakini Duchamp alikuwa akigombana na wenye kumbi. Kwetu sisi jirani wa karibu zaidi ni Romuald Hazoumè wa Benin. Kazi yake kubwa, "La Bouche du Roi", ina vinyago 304 vilivyotengenezwa kwa mitungi ya plastiki, ile ile inayobeba petroli ya magendo kati ya Nigeria na Benin, vimepangwa kwa umbo la meli ya watumwa. British Museum iliinunua mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Mtungi ule haukuchaguliwa kwa sababu unafanana na uso. Ulichaguliwa kwa sababu mgongo wa mtu bado unaubeba leo, na safari yake inafuata biashara ambayo faida huenda kwingine.

Hapo ndipo ninapoupata uzi wa kufuata. Kitu cha kawaida kinakuwa sanaa ya siasa kinapobaki na alama za matumizi yake na alama hizo zikawa zinamdai mtu. Mitumba ya Kassel inamdai aliyeitupa: anaona fulana aliyoitoa sadaka, sasa ni ukuta. Inamdai pia aliyefungua soko mwanzoni mwa miaka ya 1990 bila kujali viwanda vya nguo vya hapa vitaishije. Mnunuzi wa Gikomba anajua kwamba robota likifunguliwa kuna kamera, nguo za kwanza kuchaguliwa, na kuna fagia, zile za mwisho zinazouzwa kwa lundo. Kinachobaki hapo huishia jalalani. Kwa hiyo nikiangalia kazi yoyote ya aina hii swali langu ni moja: kitu hiki kinamdai nani?

Ukiuliza hivyo Nairobi, unagundua haraka kwamba vitu vya kawaida viliingizwa katika siasa zamani, na walioviingiza ni watawala wenyewe. Mzee Kenyatta alikuwa na usinga, Moi akawa na rungu lake. Picha ya rais ilitundikwa dukani, hotelini na kwa kinyozi, na mwenye duka alijua kwa nini ni salama kuwa nayo. Katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, waliounga mkono rasimu ya katiba walipewa alama ya ndizi, waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda, na kikazaliwa chama kinachobeba jina la tunda hilo hadi leo. Mwaka 2022 ikawa zamu ya wilbaro, kifaa cha mjengo, kubebeshwa ahadi za kampeni chini ya wito wa "kazi ni kazi". Kila uchaguzi leso na kofia zenye sura za wagombea hugawanywa bure. Kura zikishahesabiwa, sura hizo hubaki miaka mingi zikibeba watoto mgongoni na kufunika sufuria za pilau.

Hata pesa mfukoni imepiganiwa kwa njia hiyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, inakataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote. Wakenya walikuwa wamechoka kuona kila rais akijichapisha. Sarafu mpya za Desemba 2018 zikaja na wanyama: twiga, simba, kifaru, ndovu. Lakini noti za 2019 zilionyesha KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na mbele yake sanamu ya Jomo Kenyatta imekaa pale pale. Watu walikwenda mahakamani. Mahakama haikukubaliana nao, na noti zinaendelea kutumika. Hoja yao lakini ilieleweka na kila mtu aliyekuwa na shilingi hamsini, na hiyo ndiyo nguvu ya kitu cha kila siku: hakihitaji mwongozo wa maonyesho.

Kwa sababu hiyo msanii wa Nairobi haanzi na kitu kisicho na siasa. Kitu tayari kina mwenyewe. Kazi yake ni kukigeuza kimwangalie aliyekituma.

Waliolielewa hilo mapema ni waandishi wa mabango. Mwaka 2001, Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, wote wakijipatia riziki kwa kuandika mabango ya biashara, walianzisha kundi la Maasai Mbili. Mabango yao yalikuwa ya saluni, bucha, hoteli na vinyozi: herufi nene zenye kivuli, mbuzi mnene, mkasi, kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko kichwa chochote cha kweli. Kundi lilikua, likavuta wasanii wengine, na lugha ile ile ya bango ikaanza kusema mambo mengine, juu ya vipande vya mabati na mbao. Joseph Bertiers naye alitokea katika kazi ya mabango, na michoro yake iliyojaa viongozi, walevi, mapadri na wachuuzi katika fremu moja bado ina ile hali ya ukuta wa baa, ambako kila mtu amealikwa.

Kisha zikaja vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoungua. Msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo7, alitembea mtaani na brashi akiandika miito ya amani juu ya kuta, milango na mabati, mahali pengi kiasi kwamba picha nyingi za Kibera za wakati huo zina mwandiko wake nyuma. Wenzake wa Maasai Mbili walifanya kazi na watoto na majirani katikati ya majivu. Naamini maandishi yale yalisomwa kwa sababu yalikuwa kwa mwandiko ambao mtaa uliuamini. Mkono ulioandika bei ya chapati ndio ulioandika kwamba amani inatafutwa. Bango lililochapishwa na ofisi ya mjini kati lisingeweza kupewa usikivu huo.

Katika kazi zote za Nairobi ninazozijua, mbili zinanifanya nikae nazo muda mrefu zaidi. Ya kwanza ni waya ya Gor Soudan. Tairi likichomwa barabarani wakati wa maandamano, mpira unaungua wote na moshi mweusi unakwenda zake, lakini ndani ya tairi mlikuwa na nyuzi za chuma. Hizo haziungui. Asubuhi yake zimelala juu ya lami zimejikunja, nyembamba, tayari zimeshika kutu ya rangi ya chungwa, na zikikanyagwa zinachoma soli. Watu hupita wakiziruka. Soudan alizikusanya, akaziita waya za maandamano, akazisokota na kuzifungamanisha kuwa maumbo. Ukisimama mbele ya umbo la namna hiyo huoni mwandamanaji wala polisi. Unaona kilichobaki baada ya wote kuondoka, na unajua kwamba kila uzi ulikuwepo pale wakati wa tukio. Ni ushahidi, kwa maana ile ya mahakamani. Msanii angeweza kununua waya mpya dukani na kupata umbo hilo hilo, na kazi ingekuwa imekufa.

Ya pili ni visu vya Ngugi Waweru wa Wajukuu Art Project. Wajukuu ni kundi la mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, eneo la Lunga Lunga, lililoanzishwa 2004, na huko Kassel mwaka 2022 lilipewa tuzo ya Arnold Bode. Waliuvika mlango wa jumba la documenta Halle mabati yenye kutu, wageni wakawa wanaingia kwa kupitia njia ya giza iliyofanana kwa pamoja na nyumba ya Kimaasai na kichochoro cha mtaa wa mabanda. Ndani, miongoni mwa kazi za wenzake, Waweru alitundika visu vya jikoni vilivyochakaa. Si visu vilivyovunjika. Ni visu vilivyonolewa, vikanolewa tena, miaka nenda miaka rudi, hadi ubapa wa chuma ukaliwa ukabaki ukanda mwembamba uliopinda, mpini mkubwa na makali madogo. Methali ya Kikuyu iliyoambatana na kazi hiyo inasema kisu kikali mno humkata mwenyewe. Mimi naisoma hivi: kila kisu pale ni mama wa kibanda cha mboga anayekata sukuma wiki tangu alfajiri, fundi wa bucha, mpishi wa hoteli ya mabati. Wameambiwa watie bidii, wametia, na bidii imekula kile walichokuwa wakifanyia kazi. Hakuna kiongozi aliyechorwa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuwahubiria maskini juu ya kuamka mapema anadaiwa na visu vile.

Boniface Mwangi alichukua njia isiyo ya ukumbi kabisa. Alikuwa mpigapicha wa habari, akapiga picha za vurugu za 2007 na 2008, kisha akazitembeza mitaani katika maonyesho ya Picha Mtaani. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi, yeye na wenzake walichora kwenye kuta za katikati ya jiji mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi. Juni mwaka huo huo wakapeleka majeneza meusi 49 mbele ya Bunge, moja kwa kila mwaka tangu uhuru. Mei 14, 2013, wabunge walipokuwa wakidai mshahara upandishwe kutoka shilingi 532,000 hadi 851,000 kwa mwezi, wakawapeleka nguruwe mlangoni mwa Bunge na kumwaga damu. Polisi walitumia mabomu ya machozi, waandamanaji wakakamatwa.

Watu hugombana hadi leo kama yale yalikuwa sanaa au vurugu. Nayaona kuwa sanaa, na bora zaidi nayaona majeneza. Nguruwe lilikuwa tusi, na tusi humchosha anayelisikia hata akiwa upande wako. Wapo pia waliohuzunishwa na wanyama wenyewe kutumiwa hivyo. Jeneza ni jambo tofauti. Nairobi majeneza hutengenezwa na kuuzwa kando ya barabara, karibu na mochari ya City, mbao na vanishi mbele ya macho ya abiria wa matatu. Kila familia imewahi kukaa katika kamati ya mazishi, ikachanga, ikapiga hesabu ya jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Kuweka majeneza 49 sakafuni ni kuweka hesabu hiyo mara 49 mbele ya watu wasiochangishwa. Idadi ilikuwa na maana, kifaa kilikuwa na maana, mahali palikuwa na maana. Ukiondoa kimoja, vingine viwili vinaanguka.

Kuna wasanii wanaorudi sebuleni, kwenye rangi kali na vitu vya mkononi. Thandiwe Muriu, katika mfululizo wake wa picha uitwao "CAMO", huwavisha wanawake vitenge vinavyofanana na ukuta nyuma yao hadi mwili unakaribia kupotea, kisha huwatengenezea miwani kwa vitu vya nyumbani: vitana, vizibo, dawa ya mbu ya kuzungusha, vichujio. Kila picha huenda na methali. Wengi husifu rangi wakaishia hapo, lakini picha zenyewe zinauliza mwanamke anaonekana lini katika nyumba anayoiendesha kwa vitu hivyo hivyo. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi 1984, alitangulia na miwani yake ya C-Stunners, ya nyaya, vijiko na vipande vya vifaa vya umeme. Alikulia nyumba iliyotazamana na jalala. Amefanya pia sanamu kutokana na baiskeli za Black Mamba, zile nzito za kubebea mizigo na abiria ambazo bodaboda zimezisukuma nje ya barabara. Kwa maoni yangu baiskeli ndizo zenye dai kubwa kuliko miwani. Miwani imependwa sana na majarida ya mitindo, na sura yake ya kesho imefunika jalala ilikotoka. Baiskeli bado inamkumbusha mtu kazi iliyokufa na aliyekuwa akiifanya.

Michael Soi naye ameuchukua mfuko. Baba yake, Ancent Soi, alikuwa mchoraji mashuhuri wa nchi hii. Michael anachora kwa rangi bapa na mistari minene, mtindo ambao mtu yeyote aliyekulia katika michoro ya kuta za baa anauelewa, na katika mfululizo wa "China Loves Africa" ameonyesha viongozi wa Afrika wakibembelezwa na mkopeshaji. Kenya ilipowakilishwa katika maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, Italia, 2013, na ikapangwa iwakilishwe tena 2015, na wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina, alichora mfululizo mwingine juu ya aibu hiyo. Kelele zikawa kubwa mwaka 2015 hadi serikali ikajitenga na mpango ule. Michoro ya turubai ni ghali, kwa hiyo Soi huchora pia mifuko ya kubebea vitu, mmoja mmoja kwa mkono. Wapo wanaosema mfuko ni biashara tu. Sikubaliani. Mfuko unapanda matatu, unasimama foleni ya benki, unakaa mezani kazini. Mchoro wa ukumbini hungoja mtu aje.

Leso inahitaji kuelezwa peke yake, kwa sababu sheria za kifaa hiki zinajulikana na kila mmoja wetu: pindo, mji, na jina lililoandikwa chini. Jina ndilo linalosema. Mwanamke anayetaka kumjibu jirani, wifi au mke mwenza haongei. Anajifunga leso yenye maneno hayo na kupita barazani. Kwa hiyo leso ilikuwa tayari mahali panaporuhusiwa kusema lisilosemeka. Kawira Mwirichia, msanii wa Nairobi aliyefariki 2020, aliijua nguvu hiyo. Mwaka 2017 alionyesha katika Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani mjini Nairobi, leso alizozibuni kwa heshima ya watu wa mapenzi ya jinsia moja wa nchi mbalimbali, kila nchi na leso yake na maneno yake. Hapa nchini mapenzi hayo bado yanaadhibiwa na sheria, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa sheria hiyo. Hata asiyekubaliana na ujumbe wake anaweza kuona usahihi wa chaguo lake. Angeandika bango, lingekuwa kelele. Alipoandika leso, aliwaingiza watu hao ukoo ule ule wa bibi harusi, mzazi na marehemu, kwa maana leso huandamana na mtu katika hizo safari zote.

Juni 2024 haikuhitaji msanii. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha, uliotaka pamoja na mengine kuutoza mkate ushuru wa asilimia 16, walikuja na bendera zile zile ambazo wachuuzi huuza kwenye msongamano wa magari, na bangili za shanga zenye rangi za taifa ambazo watalii na wanasiasa huvaa kwa pamoja. Bendera zikafungwa shingoni, zikatumika kufutia macho moshi wa machozi, na baada ya Juni 25, siku vijana walipoingia Bungeni na wengine wakauawa kwa risasi, zikafunika majeneza ya kweli. Sheria ya bendera ya Kenya ina masharti mengi juu ya nani anaruhusiwa kuipeperusha kwenye gari lake. Siku zile ilibebwa na watu wasio na gari. Tangu hapo sijaona bendera ndogo ya dashibodi nikaichukulia kuwa pambo, na nadhani msanii yeyote wa Nairobi atakayeitumia atalazimika kuanzia hapo.

Mtu akitaka kuziona kazi hizi kwa macho yake, Kuona Artists Collective iko Kilimani, na wasanii wake hufanyia kazi humo humo, kwa hiyo unaweza kumkuta mwenye kazi na kumuuliza alichokitumia alikipata wapi. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, huonyesha kazi za Afrika Mashariki. Wajukuu wako Lunga Lunga na huendesha mafunzo ya sanaa kwa watoto wa mtaa. Maasai Mbili wako Kibera. Hizo mbili za mwisho ni studio kabla ya kuwa kumbi, basi wasiliana nao kwanza, na ukifika anza na ukuta wa nje, maana mara nyingi kazi imeanzia hapo.